Bonde la Upande wa Kushoto

Machi 1

Leo tumegawana vitu vya mama. Kazi yenyewe ilikwisha kabla ya saa sita, maana marehemu hakuwa na makuu. Mama Mdogo, anayemfuata marehemu kuzaliwa, ndiye aliyeketi katikati kama hakimu, mkoba mapajani. Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama, alikaa kwenye kile kiti cha mito cha mama, chenye mikono iliyochanika, akakishikilia kama kwamba kuna mtu aliyetaka kumnyang'anya. Nani anakitaka? Nikamwambia hicho chukua tu, kimechakaa hata kuku hatalalia mayai juu yake. Hakucheka.

Mimi nilitaka kitu kimoja. Masufuria achukue, kabati achukue, meza achukue. Nilitaka godoro la mama la sufi. Kitinda akasema, chukua hata kitanda, Dada, ila godoro niachie. Hapo ndipo nilipoijua roho yake. Miaka yote amekaa na mama, amekula naye, amelala naye chumba kimoja, na siku mama anakata roho ni yeye aliyekuwa pale. Mimi nilipigiwa simu maiti ikiwa imeshafunikwa. Sasa na godoro pia analitaka.

Nikasema mimi ndiye mkubwa. Mama Mdogo akatikisa kichwa kukubali, mkubwa ni mkubwa. Nikaita mtu wa mkokoteni. Tulipokuwa tunakaza kamba, Kitinda akatoka mlangoni, macho yamemwiva, akasema, "Dada, lifungue kabla ya mvua."

Nikaendelea kukaza kamba. Ameshindwa kesi, bado anatoa masharti.

Machi 2

Nimelala usingizi ambao sijaupata tangu msiba. Godoro limeweka bonde upande wa kushoto, pale mama alipokuwa akijilaza. Ukiingia humo unakaa mzima mzima, kama uliyepakatwa. Na linanukia yale mafuta ya kuchua aliyokuwa akipakwa miguuni. Nimezika uso humo mpaka kukapambazuka.

Machi 7

Tumepata kazi kubwa. Chumba chetu cha ushonaji kina vyerehani viwili, meza moja ya kukatia na dirisha moja, na mwenzangu ni mwanamke ninayemwita Pasi kwa sababu akishapata moto humgusi. Yeye hukata na kupiga mashine. Mimi kazi yangu ni ya mkono: lesi, vifungo, shanga. Gauni lililokuja ni la harusi ya mwisho wa Mei, mkia mrefu, na kifua kizima kinatakiwa shanga, moja moja. Mama wa bi harusi alinishika mkono akasema amesifiwa macho yangu. Nilivimba kichwa kutwa nzima.

Machi 12

Ujumbe wa Kitinda: "Dada, umelifungua?"

Najua anachotaka. Sufi ikikaa inashikana madonge na kunywa unyevu, kwa hiyo kila mwaka, mawingu yakianza kujikusanya, mama alikuwa anafumua mshono wa ubavuni na kuimwaga sufi yote juani juu ya shuka kuukuu. Wanaichapa kwa fimbo mpaka vumbi liishe, wanachambua madonge, wanafua mfuko, kisha wanajaza upya na kushona. Ni kazi ya kutwa, na waliifanya wao wawili. Mimi nilikuwa huku na magauni ya watu.

Lakini nikilifungua, bonde linakwenda. Sufi ukishaichapa inarudi kuwa sufi tu, haijui nani aliilalia. Nimemjibu: "Godoro ni langu."

Machi 13

Ameandika tena. Anaomba nimpe siku moja tu, aje alifungue mwenyewe, mimi nisiguse kitu. Aje alifungue, atie sufi kwenye magunia, aondoke nayo? Mimi si mtoto mdogo.

Machi 21

Mvua. Imenyesha kutwa.

Machi 22

Mvua.

Machi 25

"Umelianika hata kidogo?" Nimefuta ujumbe bila kujibu.

Aprili 2

Nimeamka macho yananiwasha kama niliyeyafikicha kwa mikono yenye pilipili. Nimenawa, yakatulia kidogo. Labda vumbi la kitambaa.

Aprili 5

Si vumbi la kitambaa. Kope zimevimba na kwenye pembe za macho kuna ute mweupe unaovutika kama uzi. Nikiyafikicha napata raha kidogo, halafu yanawaka mara mbili. Nikifika saa nne kazini yanapoa. Asubuhi inayofuata ni yale yale.

Pasi ameniuliza kama nililia au nililewa. Nikamwambia yote mawili hayamhusu. Mwenye duka la mkabala amenipa pole ya msiba upya, na mimi nikaipokea, maana ningemwambiaje kwamba silii? Tangu tumzike mama sijalia vizuri hata mara moja. Hasira imekaa mlangoni, haipishi kitu.

Aprili 9

Nimekwenda duka la dawa. Yule bwana anauza dirishani, koti jeupe halimtoki hata siku ya jua kali, na mtaa mzima unamwita Dokta ingawa hakuna anayejua alisomea wapi. Aliniangalia akiwa ng'ambo ya nondo, hakuuliza hili wala lile, akatoa kichupa kidogo cha matone. "Dada yangu, hii ni kiboko," akasema. Asubuhi na jioni.

Aprili 10

Ni kiboko kweli. Macho meupe pee.

Aprili 18

Nikikosa matone siku moja tu macho yanarudi na hasira zao zote. Nimenunua kichupa kingine. Dokta wa dirishani anasema kama inanisaidia niendelee nayo, dawa nzuri haiachwi.

Mvua haikati. Ukuta nyuma ya kitanda umeota madoa meusi, na shuka nikizigusa jioni ni kama zimetoka kufuliwa zikakataa kukauka. Kitinda ameandika: "Mvua kubwa sana huku. Godoro likoje?"

Hakuuliza mimi nikoje.

Aprili 25

Mama Mdogo aliteguka mguu, nikaenda kumsaidia, mvua ikanifungia huko. Matone niliyasahau nyumbani. Nikajua kesho yake nitaamka kipofu. Ajabu, niliamka macho makavu, baridi, hayana habari na mimi. Siku ya pili vilevile. Jana nikarudi kwangu, nikalala kwenye bonde langu, leo nimeamka nimevimba kama niliyepigwa ngumi.

Nilimpigia Mama Mdogo kumweleza. Akashusha sauti. Akasema mwanangu, hapo kwako kuna mkono wa mtu. Akasema Kitinda alilia sana siku ile mkokoteni ulipoondoka, na machozi yale hayakuwa ya bure. Yeye mwenyewe ndiye aliyekata ile kesi, sasa anajitoa kama hakuwapo.

Lakini ameniwashia taa. Kwa Mama Mdogo nilikuwa mzima, kwangu mgonjwa. Na kwangu kipya ni nini? Ndiyo maana yule mtoto anahangaika godoro lifunguliwe. Kuna kitu alikitia humo, anataka kukitoa kabla sijakikuta.

Aprili 26

Nimempigia. Sikumsalimu.

"Umeniwekea nini kwenye godoro?"

Nilisikia mvua ya upande wake.

"Nilikuambia ulifungue, Dada."

"Kwa hiyo unakubali kuna kitu humo."

"Kuna sufi," akasema, akakata simu.

Nimelipapasa godoro lote. Nimechukua sindano yangu ndefu kuliko zote nikalichoma hapa na pale, nikisikiliza kama itagonga kitu. Hakuna. Nimelala humo humo. Nikihama nitakuwa nimempa ushindi.

Mei 1

Macho. Matone. Mvua.

Mei 3

Taa ya kazini ina duara la rangi pembeni yake. Nimemwuliza Pasi kama amebadilisha globu. Hajabadilisha. Kichwa kinaniuma juu ya nyusi.

Mei 6

Leo nimeaibika kiasi kwamba naandika ili nisilizungumze na mtu.

Bi harusi alikuja kupima, na mama yake. Msichana akapanda juu ya kibao, gauni likamkaa vizuri, Pasi akachangamka. Mimi nikapiga magoti mbele yake na pini mdomoni nikianza kukaza kifua. Nilikuwa nimetia matone asubuhi, nikatia tena mlangoni, lakini siku hizi nayo yamechoka. Jicho la kushoto likaanza kuwasha. Nikajikaza. Likazidi. Nikalifikicha kwa kifundo cha mkono, mara moja tu, na ndipo mama mtu akainama akanitazama usoni.

Akamvuta binti yake kwa kiwiko, msichana nusura aanguke na gauni. Akasema hayo ni macho mekundu, yanaambukiza hata kwa kutazamana, na mwanawe ana wiki chache tu aolewe, hawezi kwenda kwenye picha na macho ya kuvimba. Msichana akajifunika macho kwa mikono miwili papo hapo, kana kwamba mimi nimewasha tochi. Nikajaribu kueleza kwamba Pasi anakaa nami kutwa na hajapata kitu. Pini zikanidondoka mdomoni. Mama mtu akasema kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, kwamba hataki niliguse tena hilo gauni.

Pasi akanichukulia kile kijimto cha pini mkononi, akaendelea palepale nilipoishia. Nikasimama pembeni ya vyerehani kama mgeni.

Walipoondoka nilimgeukia. Nikamwambia amefurahi sasa, kazi yote ni yake. Nilitarajia atawaka. Hakuwaka. Akalilaza gauni mezani, akaniita, akaniwekea kidole kwenye shanga za kifuani.

"Hizi siyo zako," akasema. "Zako zilikuwa zinapanda kushoto. Ukishaondoka huwa nazifumua nazirudia. Nenda kwa daktari wa kweli, shoga. Mimi shanga sizipendi."

Pasi, ambaye hana subira hata ya kungoja chai ipoe, amekuwa akifumua shanga zangu na kuzirudia moja moja, na hakunisema kwa mtu.

Mei 8

Daktari wa macho ni msichana mdogo, naweza kuwa nilimshonea sare ya shule. Alinikalisha kwenye mashine, kidevu juu ya kibao, akanimulika. Akazigeuza kope ndani nje kwa kijiti. Kisha akafanya kitu ambacho Dokta wa dirishani hakukifanya: aliuliza. Yanawasha au yanauma? Yanawasha. Macho yote mawili? Yote. Asubuhi au jioni? Asubuhi, nikiamka. Nikilala kwingine je? Nikasema nikilala kwingine hayawashi.

Akaniuliza nalalia nini.

Nikamweleza. Akasema hakuna mkono wa mtu hapo, na wala siambukizi mtu. Ni mzio. Kwenye magodoro na mito ya zamani wanaishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, jamaa wa utitiri, na chakula chao ni magamba ya ngozi tunayoyaacha tukilala. Unyevu ndio raha yao. Hawaumi. Ila uchafu wao ukiingia jichoni, jicho linapigana nao kama adui wa kweli, ndipo linavimba na kuwasha. Ukifikicha unachochea. Na sufi isiyofunguliwa msimu mzima wa mvua inapata na ukungu, nao vilevile jicho haliutaki.

Nikauliza kama wanakula hata magamba ya mtu aliyekwisha kufa. Akasema ya yeyote aliyelala pale.

Kisha akaomba kuona matone yangu. Aliposoma kichupa uso ukambadilika. Akaniambia dawa ile ina nguvu, inazima mzio kweli, lakini ukiitia kila siku bila mtu wa kukupima inapandisha presha ndani ya jicho, na presha hiyo hula uoni polepole, pembeni kwanza, na kilicholiwa hakirudi. Akapima. Presha yangu iko juu. Lile duara kwenye taa ni hiyo.

Akaandika matone mengine ya mzio, na ya kushusha presha, na tarehe ya kurudi. Akaniambia macho yakiwasha niweke kitambaa cha maji baridi, nisifikiche. Shuka na foronya kila wiki kwenye maji ya moto. Vumbi nifute kwa kitambaa chenye maji, nisilipeperushe kwa ufagio. Dirisha nifungue mvua ikikata. Yote hayo nikayapokea.

"Na godoro litoke, mama," akasema. "Hata dawa ikiwa nzuri vipi, ukirudi kulilalia tunajisumbua bure."

Nikamwambia ni la mama yangu. Akasema pole. Nikamwambia nitalifikiria. Akaweka kalamu chini akasema, "Wewe unashona kwa macho. Chagua."

Yeye hajazika mama.

Mei 9

Sitoi godoro.

Mei 10

Nimelala sakafuni kwenye mkeka. Si kwamba nimekubali. Nataka kumwonyesha yule msichana kwamba amekosea.

Mei 11

Macho yameamka mazuri.

Mei 13

Mazuri tena. Nimeudhika.

Mei 14

Jana nilirudi kitandani. Mara moja tu, nilisema. Nilimkumbuka mama na mkeka ni mgumu, na bonde liko pale linaningoja. Leo jicho la kulia halifunguki. Nimekaa na kitambaa cha maji baridi usoni mpaka saa tano, Pasi akapiga simu kuuliza kama niko hai.

Nilikuwa nawaza kwenye giza la kile kitambaa. Kitinda alisema lifungue kabla ya mvua. Akasema tena, na tena, na tena. Hakusema nirudishie.

Mei 22

Nimerudi kwa daktari. Presha imeshuka, bado kidogo. Akasema kama ningeendelea na kile kichupa hadi mwisho wa mwaka, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Nimepitia kwa Dokta wa dirishani nikamweleza taratibu, mbele ya wateja. Akasema kila mwili na dawa yake, akamgeukia anayefuata.

Godoro nimelivisha karatasi ya nailoni, nimeliegemeza ukutani. Chumba kizima kinalitazama.

Mei 30

Harusi imepita. Pasi amepata kualikwa, mimi sikualikwa. Ameniletea picha kwenye simu. Gauni limetulia, shanga zinanyooka kama zimepigiwa rula. Nikamwambia mkono wake umekuwa mzuri. Akasema tangu leo shanga ni zangu, na akiona nafikicha jicho atanichapa kwa futi.

Juni 3

Jua. Jua kweli, la kuchoma shingo. Mitaa yote imetundika nguo.

Nimeandika ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena. "Njoo na sindano ya magodoro."

Amejibu neno moja. "Jumamosi."

Juni 5, Jumamosi

Alifika mapema, na sindano, na fimbo mbili. Amekonda. Tulisalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni. Tulilitoa godoro nje uani, tukatandika shuka kuukuu, na yeye akapiga magoti ubavuni akaanza kufumua mshono. Mshono ule ni wa mkono wake, niliutambua, unalala upande mmoja kama mwandiko wake. Kumbe hata sindano ya mwisho hakuipiga mama.

Akatia mkono ndani. Kisha akatoa donge. Lilikuwa jeusi, limeshikana, linanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Akatoa lingine. Tuliimwaga yote, na karibu yote haikufaa hata kuwashia jiko. Nilifunga kitambaa puani na miwani machoni kama daktari alivyosema, nikachapa kidogo, lakini hakukuwa na cha kuchapa. Kitinda hakuchapa. Alikaa akiichambua, nyeupe huku, nyeusi huku, na fungu jeupe halikutosha hata mto.

Nilingoja aniseme. Hakunisema. Ningepata nafuu kama angenisema.

Nikaenda upande wa kushoto wa ule mfuko mtupu, nikauweka mkono pale. Nikamwambia kilichoniponza ni hapa. Sikutaka bonde la mama lipotee.

Kitinda akaacha kuchambua.

"Mama hakulala hapo, Dada."

Nikamwambia asinitanie.

"Tangu mvua za mwaka jana mama hakuweza kulala chali. Pumzi zilikuwa zinamkata. Alilala amekaa, kwenye kiti. Mimi ndiye niliyelala hapo, namwelekea, akikohoa niamke."

"Na mafuta?"

"Mikono yangu. Nilimchua miguu kila jioni."

Aliyasema bila kunikomoa, huku anaangalia sufi. Akaongeza kwamba bonde lenyewe lisingekuwa la mama hata angelala hapo maisha yake yote, maana kila mwaka walilivuruga na kila mwaka lilianza upya.

Miezi yote nimelala kwenye umbo la Kitinda, nikinusa mikono ya Kitinda, nikimchukia Kitinda. Na kile kiti nilikiambia hakifai hata kwa kuku.

Nilimwuliza swali ambalo dada mkubwa huuliza siku ya kwanza. Siku hizi analala wapi?

Akanitazama kama kwamba nimeuliza jua liko wapi.

"Kwenye kiti," akasema. "Godoro si ulilichukua."

Nilitaka kumwuliza pia kuhusu ile simu, kwa nini aliniita mama akiwa amekwisha funikwa. Lakini mtu anayeuliza hivyo lazima kwanza aeleze alikuwa wapi mwaka mzima mama akilala amekaa. Nikaliacha.

Tulichoma ile nyeusi nyuma ya ukuta. Moshi ukanijia na macho yakatoka machozi. Kitinda akanipa kitambaa akaniambia nisifikiche. Hayakuwa ya mzio, ila sikumweleza.

Ule mfuko aliukunja akaondoka nao. Sikumwuliza wa nini.

Juni 7

Godoro jipya la sponji limeletwa, kama daktari alivyoagiza, na mfuko wake wa zipu wa kuzuia vumbi. Nimelitazama kutwa nzima. Nimelala mkekani.

Juni 8

Macho mazuri. Nimetunga sindano uzi mara ya kwanza tu, bila miwani. Pasi alipiga makofi.

Juni 12

Mtu wa mkokoteni ni yule yule. Alinikumbuka. Akauliza kama hili nalo ni la urithi. Nikamwambia ni la dukani, alipeleke kule kule alikolitoa lile la kwanza, na akifika asikubali kurudishwa nalo.

Jioni Kitinda akaandika: "Limefika. Lakini kiti sikitoi."

Nikamjibu sijakiomba. Nikaweka simu chini, nikafua foronya, nikaanika, nikaichukua tena. Nikamwuliza kama naweza kuja siku moja nikikalie tu, na kwamba sitakuja na mkokoteni.

Bado hajajibu.